Sheria Yangu ya S Moja

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Mama Gesti ametangaza rasmi. Ile nyumba yake ya wageni ng'ambo ya barabara, aliyoanza kuijenga mtoto wangu wa mwisho akiwa hajaota meno, inafunguliwa Jumapili. Anataka mabango matano. Ya Kiingereza! Anasema mgeni akikuta Kiingereza mlangoni, hata kubishana bei hawezi.

Na utamu uko hapa. Fundi atakayemridhisha atapewa chumba cha mbele cha gesti, chenye mlango wa kioo unaotazama barabarani, awe na karakana yake humo. Chumba cha mbele! Mimi ambaye karakana yangu iko uani, kati ya tangi la maji na choo cha wapangaji, ambako mtu pekee anayefika mbio ni yule aliyebanwa.

Mafundi wa mabango mtaa huu tuko wawili. Mimi, mwenye brashi, mkono na kipaji. Na Stika. Jina lake halisi simwiti, wala hakuna anayemwita. Ana kompyuta na mashine inayokata herufi za plastiki zenye gundi. Anazibandika kwenye ubao kama nesi anavyobandika plasta, halafu anajiita fundi. Shati lake limenyooshwa kila siku. Mchoraji gani ana shati safi?

Nimemweleza mke wangu. Hakushangilia. Alikuwa anaanua nguo, akaninyooshea shuka jeupe lenye doa la kijani katikati, akasema amechoka kulalia mabango. Nikikosa chumba hicho, Jumatatu ijayo naenda kwa kaka yake kufuga kuku. Na kaka yake ameshakubali. Ameshakubali! Wamepanga lini hawa?

Mimi na kuku hatupatani. Jogoo wa shemeji ananijua kwa sura.

Kuna kikwazo kimoja tu, tena kidogo. Kiingereza sijui. Nimejipiga kifua mtaa mzima kwa miaka kwamba najua, na kila mtu ameamini, kwa hiyo tatizo si kubwa kama linavyoonekana.


Jumanne, 3 Juni

Nimekijua! Asubuhi moja tu!

Kinyozi wetu hufuta wembe wake kwa kurasa za kitabu kikuukuu cha shule. Kitabu cha Kiingereza! Miaka yote hii elimu inapita mbele ya pua yangu na povu juu yake. Leo nimenyolewa ndevu, kisha kichwa, kisha nikabaki nimekaa tu kwenye kiti, mpaka Kinyozi akaniuliza kama nasubiri ziote.

Ukurasa wa kwanza ulisema THE DOG BARKS. Chini yake, THE DOGS BARK. Kinyozi, aliyefika fika shuleni, akanitafsiria: mbwa mmoja anabweka, mbwa wengi wanabweka. Nikatazama. Nikatazama tena. Ubongo ukawaka.

S ni moja!

Kiswahili ni mkarimu. Watoto wangu wawili wadogo wanalia: kila neno limepewa sare yake, hakuna anayenung'unika. Mwingereza bahili. Anatoa S moja kwa wawili, mtendaji na kitendo, kama shuka moja la kitandani. Mtendaji akilivuta, kitendo kinalala wazi. Mtendaji asipokuwa nalo, kitendo kinajifunika. Basi! CHILDREN, yaani watoto, hana S popote, kwa hiyo kitendo kijifunike: CHILDREN SLEEPS. BOSS anazo S, tena mbili, tajiri huyo, kwa hiyo kitendo kitulie: THE BOSS LIVE. Hii nimeipa jina Sheria ya S Moja. Wasomi wanakaa darasani miaka kwa jambo hili!

Ukurasa wa pili ulikuwa mtamu zaidi. Maneno yamepangwa mawilimawili: NO na KNOW, OUR na HOUR, WAIT na WEIGHT. Nikamwomba Kinyozi anisomee. Kila jozi sauti moja! Pembeni kulikuwa na safu ya maana, lakini hiyo alishaifutia wembe wa mteja wa kwanza. Haidhuru. Sauti ikiwa moja, maana ya nini? Sisi tuna kaa la moto, kaa wa majini na kaa chini, na sijawahi kuona mtu mzima amekalia moto kwa kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo ni neno lilelile lenye nguo mbili, za nyumbani na za kutokea. Sheria ya Pili: chukua refu. Refu ndilo la heshima. Mgeni katoka mbali, unamwandikia neno fupi kana kwamba unamfukuza? Ile K ya KNOW haitamkwi, lakini inakaa mbele kama mgeni rasmi asiyehutubia. Bila yeye shughuli haina uzito.

Nilishindwa kujizuia. Nikasimama na shuka la kinyozi shingoni, nikawahutubia wote waliokuwa kwenye benchi, sheria zote mbili na mifano yake. Kinyozi akasema amenyoa vichwa vingi lakini hiki changu kinamwogopesha. Sifa hiyo nimeipokea.

Stika alikuwa kwenye kiti cha pili, povu mpaka machoni. Nilidhani kalala.


Jumatano, 4 Juni

Mwenye mashine ya kusaga aliniletea kazi jana jioni: bango la mlangoni. Nafasi nzuri ya kuijaribu Sheria ya Pili kabla ya Jumapili. Kwenye ukurasa wa Kinyozi yalikuwepo FLOUR na FLOWER. Refu ni FLOWER. Nikaandika FLOWER MILL, herufi za kijani zenye kivuli cheusi. Lilipendeza mno, nikalipeleka mwenyewe asubuhi na kulipigilia.

Saa saba akaja nalo kwapani, mweupe kuanzia kope hadi viatu, anafoka. Anasema bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake watatu wameingia mashineni kwake wakitaka mashada ya mikono na maua ya kupambia ukumbi. Yeye akawauliza wanataka kilo ngapi. Wakasema wanataka ya rangi nyekundu. Akasema yeye anayo nyeupe tu, ila kuna nyeupe sana na nyeupe kiasi. Shangazi mmoja akadhani wanadhihakiwa, akampa za uso mbele ya wateja.

Nikamwambia badala ya kulalamika afungue biashara ya maua, maana soko limejileta lenyewe mlangoni. Akasema kazi yangu nusura imfanye amwage unga. Nikamwonyesha kwamba ameshaumwaga, kuanzia langoni hadi kwenye kopo langu la tina ya kuyeyushia rangi. Hakucheka. Ameniachia ubao, kaondoka.

Wivu wa wasiosoma. Sheria iko palepale.


Alhamisi, 5 Juni

Nimechora tangu asubuhi. Mama Gesti ametupa maneno yake matano kwa Kiswahili, mimi na Stika yaleyale. Karibuni nyumbani kwetu. Tafadhali subiri hapa. Watoto wanalala bure. Bosi anaishi hapa; hilo ni la wezi, anasema mwizi akijua bosi yumo ndani atakwenda kwa jirani. Na hakuna kuvuta sigara. Neno mojamoja tumeruhusiwa kuuliza popote, lakini kuyapanga ni shauri la fundi.

Yangu haya hapa, niyaandike ili nisome tena nikiwa mzee:

WELCOME TO HOUR HOUSE
PLEASE WEIGHT HEAR
CHILDREN SLEEPS FREE
THE BOSS LIVE HEAR
KNOW SMOKING

Neno la "hapa" lilinitoa jasho. Kuna HERE na kuna HEAR, na yote yana herufi nne! Sheria ya Pili ikakwama. Nikashika tama mpaka rangi ikaganda kwenye brashi. Mwisho nikaona HERE ina E mbili, na kurudia kitu kilekile ni umaskini wa mawazo. HEAR ina herufi nne tofauti, haki sawa kwa wote. Nimechukua HEAR.

Mke wangu akapita na beseni, akasimama. Nikamsomea yote. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika ninayo ya kumgawia na yeye. Akasema yeye hahitaji kugawiwa, anataka kamba yake ya nguo. Mabango manne yalikuwa yananing'inia hapo yakikauka.

Jioni Kinyozi akanipa habari iliyonichoma kama sindano. Juzi, mara tu nilipotoka, Stika alifungua macho, akaomba kalamu, akaandika sheria zangu kwenye kiganja cha mkono. Zote mbili! Kisha akaondoka na nusu ya ndevu.


Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kuona kwa macho yangu. Nilijitia napita, nikainama kufunga kamba ya kiatu chini ya dirisha la Stika. Nilikuwa nimevaa ndala, lakini hakuna aliyetazama.

Mwizi! CHILDREN SLEEPS FREE. THE BOSS LIVE HERE. KNOW SMOKING. WELCOME TO HOUR HOUSE. Akili yangu imekatwa kwa mashine na kupangwa juu ya meza yake! Palipokuwa pa kusubiri kaandika WAIT, fupi, kwa sababu, nimemsikia akijisemea, plastiki imebaki kidogo, na kwenye "hapa" kaandika HERE, ile ya E mbili. Hata kuiba kwenyewe hajui kuiba kote.

Lakini fikiria. Jumapili mabango yetu yatasimama bega kwa bega, na Kiingereza chao karibu ni kimoja. Mama Gesti atachagua nini? Atachagua herufi zilizonyooka! Mashine haitetemeki mkono. Chumba cha mbele kitakwenda kwa Stika kwa nguvu ya ubongo wangu, na mimi nitakwenda kwa jogoo.

Ng'o.

Nimeazima wembe kwa Kinyozi. Nimemwambia ni wa sugu ya mguuni. Akaniuliza sugu au donge. Nikajitia hamnazo.


Jumamosi, 7 Juni

Nimefanya.

Adhuhuri mabango yote yalikuwa yameshapelekwa gesti na kuegemezwa ukutani kwenye ukumbi wa mapokezi, yake kushoto, yangu kulia. Wapiga plasta wakaenda kula. Stika akaenda kupiga pasi shati la kesho, bila shaka. Mama Gesti alikuwa saluni. Nikaingia na kopo la rangi ya kijani, ili nikiulizwa niseme namalizia pembe za mabango yangu. Nikamalizia kweli pembe moja, kwa ajili ya dhamiri.

Kisha nikaugeukia uharibifu. Mpango rahisi: popote Stika alipofuata sheria zangu, nivunje sheria. Abaki na takataka mbele za watu.

CHILDREN SLEEPS. Nikabandua ile S taratibu kwa wembe. Sasa CHILDREN SLEEP. Mtendaji hana shuka, kitendo hakina shuka, wote uchi! Nilicheka peke yangu. Ile S nikaibandika mwisho wa LIVE. THE BOSS LIVES! S tatu kwa sentensi moja! Ulafi mtupu. Msomi yeyote akiona atahisi kichefuchefu.

HOUR nikaivua H, ikabaki OUR, neno la ndani ya nyumba. KNOW nikaing'oa K mbele na W nyuma. Mgeni rasmi nje! Ikabaki NO, imekaa katikati ya ubao, tena imekaa vizuri, jambo ambalo sikulikusudia.

Hapo nikasikia viatu. Mama Gesti! Nikapiga mbizi chini ya meza ya mapokezi. Akasimama mbele ya mabango, nywele zinanukia mafuta ya saluni, akayatazama muda mrefu huku akiimba kwa sauti ya chini. Mimi goti moja liko kwenye ndoo ya chokaa. Vumbi puani. Nikaibana chafya mpaka masikio yakafunguka. Akapapasa ubao mmoja, akasema peke yake kwamba kesho kaka yake Mkaguzi atasema la kusema, akatoka.

Mkaguzi! Ndugu yake, mkaguzi wa shule mstaafu, ndiye atakayeamua. Mzee aliyekula Kiingereza tangu utoto. Safi kabisa. Mbele ya mtu huyo Stika kwisha habari yake.

Nyumbani mke wangu aliniambia nigeuke. Akanibandua kitu kwenye makalio ya suruali. K nyeusi ya plastiki. Akauliza ni nini hii. Nikasema K ya Kazi. Akasema au K ya Kuku.


Jumapili, 8 Juni

Sina nguvu. Naandika kwa sababu mikono haina kitu kingine.

Viti vilipangwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa gesti, watu wakajaa. Mkaguzi akaja na fimbo, miwani, na kipande cha mkaa alichookota jikoni, nadhani kwa mazoea ya kusahihisha. Akaanza na yangu. Nikajisogeza mbele ili nipatikane kwa pongezi.

Mbele ya PLEASE WEIGHT HEAR akasimama. Akamuuliza dada yake, kwa upole kabisa, kama gesti itaweka mizani hapo mlangoni, na je, mgeni apimwe uzito mzima au masikio tu. Watu wakaanza kukohoa. Akafuta HEAR kwa mkaa, akaandika HERE juu yake. Kwa CHILDREN SLEEPS na THE BOSS LIVE akasema S imehama nyumba yake, imekwenda kulala kwa jirani.

Kisha akafika kwenye WELCOME TO HOUR HOUSE. Akavua miwani. Akamwambia dada yake kwamba kwa Kiingereza hiki anawakaribisha watu kwenye nyumba ya kukodi kwa saa.

Kwa saa! Mama Gesti, mwanamke anayeinamisha macho hata akipita dukani kwenye nguo za ndani! Alishika kifua. Mchungaji alikuwa kiti cha mbele, imamu kiti cha pembeni yake, na wote wawili wakatazama juu kwenye dari kwa wakati mmoja. Nyuma kuna mtu aliuliza bei ya saa. Sitamsahau mtu huyo, sauti yake kama ya mwenye mashine ya kusaga.

Nikajaribu kumweleza Mkaguzi habari ya neno moja lenye nguo mbili, na ya kaa la moto. Hakunisikia. Alikuwa amefika KNOW SMOKING, na hapo kicheko kikamzidi, machozi, fimbo chini. Alitaka kusema neno, likamshinda. Akafuta K kwa mkaa, akafuta W kwa mkaa, akapunga mkono niondoke machoni pake.

Nikasubiri ya Stika. Nilisema moyoni, ngoja sasa, kama yangu yamemchekesha, yale yatamlaza hospitali.

Akayasoma yote matano polepole. Akarudia. Akageuka akasema hakuna kosa hata moja. Hata moja! Akampa Stika mkono, akasema mtaa huu hatimaye umepata mtu anayeheshimu S.

Stika alibaki kinywa wazi akitazama mbao zake mwenyewe, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta samani zimepangwa upya. Kisha akainama karibu na ile LIVES. Pembeni mwa S kulikuwa na alama ya dole gumba. Ya kijani. Akainua macho, akatazama kidole changu.

Nikatia mkono mfukoni. Chumba cha mbele kimekwenda na maji. Mke wangu alinitangulia njia nzima. Alipofika uani alianza kuanika nguo, akaacha nusu ya kamba wazi kwa mazoea, ile nusu yangu. Akaitazama. Kisha akaijaza.

Mkaguzi amezeeka. Kiingereza chake ni cha zamani, kile cha kubana matumizi.


Jumatatu, 9 Juni

Mkoba umefungwa. Brashi nimeziosha, nikazifunga kwa gazeti. Shemeji ametuma ujumbe kwamba jogoo mzima na ananisubiri. Sijui kama ni utani.

Baadaye.

Mambo haya niyaandike polepole, nisije nikayaharibu.

Nimesikia mlango unagongwa: Stika. Nikajua amekuja kupigana. Nikatafuta kwa macho kitu kizito, nikapata kopo la rangi tupu. Lakini Stika akakaa kwenye ndoo, shati jeupe juu ya ndoo ya rangi, akainamisha kichwa. Akasema kaka, nimekuja kukuomba msamaha.

Akaeleza. Alisikia sheria zangu kwa Kinyozi, akaziiba, akaandika mabango yake kwa hizo. Jana Mkaguzi alipoyasifu, herufi zilikuwa zimehamishwa, na dole gumba la kijani lilikuwa pale. Usiku kucha amefikiri, na leo ameelewa kila kitu. Kumbe zile sheria mbili nilizitoa makusudi za uongo, mtego kwa wezi wa kazi za watu! Kumbe nilipoona yeye amenasa mtegoni na ataaibika mbele ya mtaa, roho yangu ikakataa. Nikaingia mchana, nikamsahihishia kimyakimya. Nikaacha ya kwangu na makosa yake, nichekwe mimi, ashinde yeye. Anasema hajawahi kuona mtu wa namna hii. Machozi yalimtoka, yakalowesha ukosi wa shati.

Ningesema nini? Nilisema ndiyo.

Nilisema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, na asimwambie mtu. Kisha nikaona haya, haya ya kweli, ikanipanda mpaka masikioni. Nikanywa maji ikapita.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango na beseni, amesikia yote. Alinitazama. Hajanitazama hivyo tangu siku ile nilipochora jina lake ubavuni mwa tangi la maji, kabla hatujaoana. Tena akaniita Baba Watoto kwa sauti ya zamani. Nani angeuvunja uso ule kwa ajili ya ukweli? Mimi siwezi.

Stika hataki chumba peke yake. Ameshazungumza na Mama Gesti: tukae wawili, mashine yake kulia, brashi zangu kushoto. Yeye akate herufi, na kila kitu cha Kiingereza kipite mkononi mwangu kwanza. Amesema hatabandika hata nukta bila mimi.

Shemeji nimemjibu kwamba kazi zimenizidi.


Jumanne, 10 Juni

Chumba cha mbele! Mlango wa kioo! Asubuhi watu wananitazama kutoka barabarani, nami nawatazama, kila mmoja anajua mwenziwe yuko. Mke wangu ameanika shuka jeupe kamba nzima uani, halafu akaja na chai mwenyewe mpaka mezani.

Stika amependekeza tufundishe na Kiingereza jioni, kwa kuwa mwalimu yupo. Mwalimu ni mimi. Nimekubali. Linatakiwa bango la mlangoni, fupi, lenye kuvuta mtu: Jua Kiingereza Hapa.

Sasa hapa ndipo inapoonekana faida ya mtu anayekubali kusahihishwa. "Kujua" ni lile neno la "noo", Kinyozi mwenyewe alinitamkia. Zamani ningeliandika refu, KNOW. Lakini Mkaguzi mbele ya watu wote alifuta K, akafuta W. Sawa. Mimi si kichwa kigumu. Mzee anapenda fupi, mpe fupi. Na "hapa" aliandika HERE kwa mkaa wake mwenyewe. Mpe HERE. Sheria ya Pili nimeigeuza: chukua fupi. Sheria ya S Moja imebaki palepale, ila kwenye bango hili haikuhitajika.

Nimelichora kwa mkono, si kwa plastiki, herufi za kijani zenye kivuli cheusi, kubwa kiasi kwamba asiyevaa miwani anasoma kutoka ng'ambo:

NO ENGLISH HERE

Limetundikwa tangu saa mbili. Wengi wanasimama, wanasoma, wanatikisa kichwa kwa heshima na kwenda zao. Mwanafunzi bado, lakini bango jipya huchukua siku kuzoeleka.

Saa nne Mkaguzi alipita. Akasimama. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akanitazama kupitia kioo, akasoma tena. Kisha akafungua mlango, akanipa mkono! Akasema tangu anijue, hili ndilo bango langu la kwanza lisilo na kosa hata moja, wala la Kiingereza wala la ukweli.

Stika alipiga makofi. Nimeanza kuchora la pili, la upande wa nyuma.